Mwanangu halali bila mvua ya kwenye simu. Namharibu masikio?

“Daktari, habari za kazi. Nina mtoto wa kiume wa wiki saba, ndiye wa kwanza. Tunaishi muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, huku Ndeeba, Kampala. Mbele kuna kafunda, baa ndogo, kanapiga muziki mpaka saa nane usiku, na kukipambazuka mafundi wa mbao wanaanza. Mtoto alikuwa analia kuanzia saa moja jioni mpaka tunachoka wote. Wifi yangu wa Nairobi akanitumia rekodi ya mvua, inavuma tu shhhh usiku mzima. Niliilaza simu pembeni ya kichwa chake ndani ya neti, sauti mpaka mwisho, na siku ya kwanza tu alilala ndani ya dakika chache. Sasa ni wiki mbili, inavuma usiku kucha, simu ikiwa kwenye chaji. Mama mkwe amekuja kutoka Masaka, anasema mtoto atakuwa kiziwi, atachelewa kuongea, na mionzi ya simu itamwingia kichwani. Yeye anataka tumpeleke akatolewe ebinyo, yale meno ya uongo, anasema ndivyo vinavyomliza. Mume wangu naye ameona mashine ya sauti hiyo inauzwa mtandaoni laki moja na nusu. Nimsikilize nani? Nikizima analia, nikiwasha sina amani.”

Mama, hongera kwa mtoto na pole kwa usiku. Maswali yako ni matano yaliyofungwa kwenye leso moja, na mengi yanaweza kusubiri uyasome taratibu huku unanyonyesha. Moja haliwezi kusubiri, kwa hiyo naanza nalo: msimpeleke mtoto kutolewa ebinyo. Si kesho, wala siku atakayolia zaidi.

Kile kiuvimbe cheupe kwenye fizi ambacho mganga anakionyesha na kukiita jino la uongo ni chimbuko la jino la kawaida kabisa, mara nyingi chonge, likiwa bado limelala chini ya fizi. Mfungue mdomo mtoto yeyote wa umri huo, anayelia na asiyelia, utavikuta. Kukichokonoa kwa spoku ya baiskeli au kisu ni kumtia mtoto kidonda mdomoni. Nimepokea wodini watoto waliopoteza damu kwa ajili hiyo, na wengine waliofika maambukizi yameshaingia kwenye damu. Hata akipona, meno yaliyokuwa yanajitengeneza hapo chini yanaweza kuota yamepinda au yasiote kabisa. Simlaumu mama mkwe wako. Kizazi chake kiliona watoto wakichomwa na homa na kuhara, watu wakatafuta sababu, wakatazama mdomoni wakaona kitu cheupe. Mwambie daktari amekataza mdomo usiguswe, lawama nibebeshe mimi.

Sasa simu. Hapo mama mkwe amepatia jambo moja kubwa na kukosea moja, na wewe ni vivyo hivyo.

Ulichopatia ni kwamba sauti ile inafanya kazi kweli. Nyumbani kwetu Busia tulipanga nyuma ya mashine ya kusaga posho. Ilinguruma kutoka asubuhi mpaka jioni, na mdogo wangu wa mwisho alilala mchana wake bila wasiwasi. Umeme ukikatika, mashine ikanyamaza, papo hapo aliamka na kuanza kulia. Wageni walikuwa wakicheka, mtoto gani huyu anaamshwa na ukimya? Lakini ubongo uliolala ndivyo ulivyo. Haujali sana sauti ina ukubwa gani. Unachokilinda ni mabadiliko. Chupa ikianguka kafundani wakati chumba chenu kimetulia, tofauti kati ya utulivu na mlio ule ni kubwa, na mtoto anashtuka mikono juu. Chumba kikiwa tayari na mvumo wa chini usiopanda wala kushuka, mlio ule ule unachomoza kidogo tu juu ya mvumo, na mara nyingi ubongo unaupita.

Wataalamu wa sauti wanauita mvumo huo kelele nyeupe, kwa sababu una sauti zote kwa pamoja, nzito na nyembamba, kama mwanga mweupe ulivyobeba rangi zote za upinde wa mvua. Mvua juu ya mabati, feni, redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili, ile “shhh” ya jjajja (bibi) aliyempakata mtoto begani, vyote ni jamii moja. Na kwa mwanao si kitu kigeni. Masikio ya mtoto yanaanza kupokea sauti akiwa bado tumboni, kwenye wiki ya 24 au 25 hivi, na humo ndani hakuna kimya: damu yako inapita, moyo unapiga, utumbo unanguruma. Utulivu wa usiku wa manane ndio mgeni kwake.

Mwaka 1990 kulitolewa utafiti mdogo kutoka London wa watoto 40 wenye umri wa siku 2 hadi 7. Nusu yao waliwekewa kelele nyeupe, nusu hawakuwekewa. Ndani ya dakika 5, watoto 16 kati ya 20 waliosikia sauti walikuwa wamelala. Upande wa pili walilala 5 kati ya 20. Kwa hiyo hukujidanganya siku ile ya kwanza. Ila utazame vizuri utafiti huo ulipima nini: dakika chache, kwa watoto wa siku chache. Haukusema lolote kuhusu mtoto anayevumiwa usiku kucha kwa miezi. Na mwaka 2021 watafiti walipokusanya pamoja tafiti nyingi za sauti kama msaada wa usingizi, kwa watu wa umri wote, walikuta ushahidi kwa jumla ni dhaifu. Kuna wanaosaidika na kuna wasiosaidika, wala usidhani mtoto wa jirani asiyetulia kwa mvua ya simu ana kasoro.

Alichopatia mama mkwe ni masikio. Si kwamba sauti hii ina sumu. Kinachoumiza sikio ni ukubwa wa sauti, ukaribu wake, na muda inaokaa, na wewe umevifungua vyote vitatu mpaka mwisho.

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja. Mtoto akiwa mikononi mwa baba yake, washa rekodi yako kama unavyoiwasha usiku, iweke pale pale unapoiweka, kisha ulaze kichwa chako wewe mahali anapolaza chake, sikio likielekea simu. Mama mmoja alikuja kliniki na swali kama lako, nikamwomba afanye hivyo kwenye kitanda cha kupimia. Hakufika hata nusu dakika. Alikaa, akashika sikio, akaniangalia bila kusema kitu. Nami sikuongeza neno.

Sauti inapimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili wanaokaa karibu ni kama 60. Kwa wodi za watoto wachanga imependekezwa sauti isizidi 50. Mfanyakazi wa kiwandani asiyevaa kinga ya masikio hapaswi kukaa kwenye 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto, Kanada, walipima mashine 14 za kulaza watoto, zile zile za aina anayoitaka mume wako, zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho. Kwa umbali wa sentimita 30, ambao ni kama mashine iliyofungwa kwenye kitanda cha mtoto, zote zilipita 50, na tatu kati yake zilipita 85. Hizo ni mashine zinazouzwa dukani kwa ajili ya watoto, zenye picha ya mwezi na kondoo kwenye boksi. Simu yako ikiwa sentimita 10 kutoka sikioni, sauti imefunguliwa yote, nayo inaweza kupita 80 bila shida.

Na sikio la mtoto si sikio letu lililopunguzwa saizi tu. Tundu lake ni fupi na jembamba, kwa hiyo sauti nyembamba zinafika ndani zikiwa na nguvu kuliko zinavyofika kwetu. Ndani kabisa kuna koklea, kitu kilichojikunja kama konokono, chenye seli za vinyweleo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Seli hizo tunazaliwa nazo kwa idadi yake. Ikifa moja, hairudi. Haitoki damu, mtoto halalamiki, hakuna kitakachokuonya.

Wiki mbili zilizopita, basi? Sidhani umemfanya kiziwi, na usikeshe ukijihukumu. Ila nataka iwe mwisho leo, na haitakugharimu hata shilingi.

Umbali ndio dawa ya kwanza. Chumba cha muzigo kwa kawaida kina kama mita 3 kwa 3 na kitu, kwa hiyo mita 2 mnazipata hata kama kitanda, jiko na meza vinagombania nafasi. Wale watafiti wa Toronto nao walipendekeza mita 2 au zaidi, sauti ya chini, na muda mfupi. Mimi nakuongezea hili: weka simu upande ule kelele inakotokea. Kafunda kako mbele, maana yake muziki unaingia kwa mlango na dirisha. Simu ikikaa juu ya kabati karibu na mlango, na kichwa cha mtoto kikaelekea ukuta wa nyuma, mvumo unakuwa kama pazia kati ya mtoto na muziki, na hautahitaji kuwa mkubwa. Wengi wanafanya kinyume, wanaacha mlango wazi kwa kelele halafu wanashindana nayo sikioni mwa mtoto. Pazia zito mlangoni, na kitambaa kilichokunjwa kuziba ule mwanya wa chini, vinapunguza muziki kuliko unavyofikiri.

Sauti yenyewe usiipime kwa programu za desibeli za kwenye simu, nyingi hukosea. Simama alipo mtoto, ongea na mume wako aliye upande wa pili wa kitanda kwa sauti yako ya kawaida, ile ya kuuliza kama chumvi imeisha. Ukilazimika kupaza, punguza. Mvumo unatakiwa usikike kama mvua ya rasharasha kwenye nyumba ya jirani, si kama ile mvua kubwa ya mwezi wa nne juu ya mabati yenu wenyewe. (Na utaniuliza, mvua hiyo ya kweli je, si nayo ina kelele? Ina kelele sana. Lakini inaanguka kwa muda wa saa moja, inapita. Haipigi kwa muda wa saa 10 kila usiku sentimita 10 kutoka sikioni.) Kama unaweza kuchagua, chukua rekodi yenye mvumo mzito, wa mto au feni, badala ya ule mkali unaochanja kama redio isiyo na stesheni.

Sasa kuna jambo ambalo wewe wala mama mkwe hamkulitilia maanani, na mimi lilinishtua kuliko desibeli: waya wa chaji. Umeandika simu iko ndani ya neti, kwenye chaji, usiku kucha. Simu inayochajiwa inapata joto, na iliyofunikwa na shuka inapata joto zaidi. Waya uliolala kitandani na mtoto unaweza kujizungusha shingoni; leo hageuki, lakini miezi miwili mitatu kutoka sasa atakuwa anajikunja na kuvuta kila kinachofika mkononi. Na waya huo unapopita chini ya godoro unaacha mwanya kwenye neti. Nikivua viatu vya daktari wa masikio nikavaa vya daktari wa watoto wa Uganda, naogopa mwanya huo kuliko kelele yote ya Ndeeba, kwa sababu mbu wa malaria anauma usiku na anahitaji nafasi ndogo tu. Simu itoke nje ya neti, ichajiwe mapema jioni, neti ichomekewe pande zote.

Kuhusu muda, tumia sauti kumsindikiza mtoto usingizini, kisha izime. Akishalala sawasawa, mikono imelegea na pumzi imetulia, dakika 20 au 30 hivi, punguza polepole hadi kimya. Polepole, kumbuka ile mashine ya posho. Kama kafunda bado kanaunguruma, unaweza kuiacha chini kabisa mpaka wafunge saa nane, halafu uizime ukiamka kumnyonyesha. Simu nyingi zina saa ya kuzima muziki. Na ipakue rekodi uiweke kwenye simu, uache kuitazama mtandaoni: inakula bando, na katikati ya mvua tulivu linaingia tangazo la sabuni kwa sauti mara mbili, mtoto analipuka. Nadhani hilo limeshawatokea.

Mkishaipakua, weka simu kwenye hali ya ndege, na suala la mionzi linaisha papo hapo. Hapo ndipo mama mkwe alipokosea, ingawa si kosa la kumchekea. Mawimbi ya simu si mionzi ya aina ile ya eksirei inayoweza kuvunja chembe za mwili, na madhara ya kiafya kwa mtu kutokana nayo hayajathibitishwa. Simu iliyo mita 2 mbali, mtandao umezimwa, haimfanyi mtoto chochote zaidi ya kanda ya redio.

La kuchelewa kuongea si la kupuuza kama la mionzi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko San Francisco waliwalea watoto wa panya ndani ya kelele nyeupe mfululizo, mchana na usiku, na sehemu ya ubongo inayochambua sauti ikachelewa kukomaa. Walipotolewa kwenye kelele, ubongo uliendelea kukomaa. Mwanao si panya, na hakuna anayemlea kwenye mvumo saa 24. Lakini jambo linaeleweka: ubongo unajifunza sauti kwa kusikia tofauti zake, ba na pa, mama na baba, na mvumo unaofunika kila kitu unaficha tofauti hizo. Kwa watoto wa miaka miwili na kitu, utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliotolewa 2016 ulionyesha walijifunza maneno mapya vizuri zaidi pale kelele za nyuma zilipokuwa chini. Kwa hiyo mchana zima kabisa. Akiwa macho, asikie sauti yako, Luganda ya jjajja, Kiswahili chenu, sufuria, kuku, hata mafundi wa mbao. Muongeleshe wakati unamwogesha, muda huo anakutazama mdomo. Usiku wa mvumo wa chini kidogo na mchana wa maneno mengi haunipi hofu.

Unauliza, bila kuuliza, kama atakuwa mtumwa wa mvua ya simu. Mtoto akizoea kulala kwa kitu fulani, titi, mgongo, mvumo, atakitafuta anapozinduka usiku, na wa umri wake anazinduka kidogo karibu kila dakika 50. Ni mazoea ya kawaida, hayana uteja wa dawa. Akifika miezi mitatu au minne, mwili wake unapoanza kutofautisha usiku na mchana, punguza sauti hatua moja kila baada ya siku mbili tatu. Baada ya wiki mbili hivi utajikuta hujaiwasha na hakuna aliyegundua. Siku umeme wa Yaka unapoisha na simu haina chaji, “shhh” ya mdomo wako inatosha, chini kidogo ya kilio chake mwanzoni, kisha unaishusha anavyotulia.

Nimezungumza sana kuhusu sauti, lakini kilio chenyewe ndicho nilichotaka kufikia. Wiki saba! Vilio vya watoto wachanga hupanda tangu wiki ya pili, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, huzidi jioni, halafu hushuka kufikia miezi mitatu au minne. Hufanya hivyo hata kwa watoto walioshiba na wasio na ugonjwa wowote. Ulipoanza kutumia simu wiki mbili zilizopita, ulikuwa unakaribia kilele. Mnachokivuka ndicho kipindi kigumu kuliko vyote, na kitapungua na simu au bila simu.

Hata hivyo kabla ya kuwasha mvumo, kila mara, mtazame kwanza. Mvumo unanyamazisha, na mtoto wa umri huu hana lugha nyingine zaidi ya kilio. Ana njaa? Jioni wengi wanataka kunyonya mfululizo, titi hili na lile, na hiyo haimaanishi maziwa yamekwisha. Amecheua? Nepi imelowa? Ana joto, amefunikwa mablanketi mawili kwenye chumba cha mabati? Mvue soksi uangalie vidole vya miguu kimoja kimoja: uzi wa soksi au unywele wako unaweza kujisokota kwenye kidole na kukikaba, na mtoto akalia usiku kucha watu wakitafuta ugonjwa tumboni. Angalia pia kinena, kama kuna uvimbe mgumu ambao haukuwepo.

Usimpe Piritoni wala dawa ya kikohozi ili alale. Najua inafanyika, na najua wapo wanaoiuza dirishani bila kuuliza umri. Kwa mtoto wa wiki saba inaweza kumzuia kupumua. Kyogero ya jjajja, yale maji ya mitishamba, kwa kuoga, maji yakiwa safi na ya uvuguvugu, sina ugomvi nayo, ila asinyweshwe. Hadi miezi 6 ni maziwa yako tu. Alale chali kila mara, kwenye godoro gumu, bila mto. Kama mnalala naye kitanda kimoja, kama wengi wetu, asilale katikati yenu wala karibu na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara.

Ikifika usiku mikono inakutetemeka kwa hasira, na inafika kwa wazazi wazuri kabisa, mlaze chali ndani ya neti, toka mlangoni, vuta pumzi, rudi baada ya dakika chache. Kulia dakika tano hakutamuua. Kumtikisa kunaweza.

Chukua mtoto mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo, usiku au mchana, bila kungoja VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) apite, akikataa kunyonya. Vivyo hivyo akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au akiwa baridi isivyo kawaida, akipumua mara 60 au zaidi ukihesabu dakika nzima, au kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, akikakamaa au kupata degedege, utosi ukivimba, akitapika kijani au kutoa damu kwenye choo, au akilegea mpaka haamki kunyonya. Na kilio kilichobadilika, chembamba kama cha paka, au cha mtoto anayelia zaidi akibebwa, hicho usikifunike na mvumo wowote.

Kuna mtoto mwingine anayenitia wasiwasi, yule anayesifiwa na majirani kwamba halii, halali vibaya, hata mlango ukibamizwa hashtuki. Hapa kwetu vituo vingi vya kujifungulia havipimi masikio kabla ya kumruhusu mama, kwa hiyo mpimaji wa kwanza ni wewe. Mwanao anaamshwa na kafunda, na hiyo, kwa kuudhi kwake, ni habari njema. Akifika miezi mitatu atulie anaposikia sauti yako. Miezi sita ageuze kichwa kutafuta mlio. Asipofanya, au kama alizaliwa njiti, aliwahi kuwa na manjano kali, homa ya uti wa mgongo, au alichomwa sindano za gentamisini alipolazwa, mpeleke idara ya masikio, pua na koo. Hospitali ya Mulago wanayo. Usikubali kuambiwa “ataongea tu, wavulana huchelewa”.

Chanjo yake ya wiki 10 inakuja. Nenda na kadi, waombe wampime uzito na wakuonyeshe mstari wake unavyopanda. Mtoto anayeongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku na kulowesha nepi sita au zaidi ananyonya vizuri, hata akiimba jioni nzima. Na wewe mwenyewe, kama mtoto amelala na bado huwezi kulala, au mawazo ya kumdhuru au kujidhuru yanakujia, mwambie mkunga siku hiyo hiyo. Hiyo nayo ina matibabu. Usiku mmoja mmoja jjajja anaweza kumshika kati ya saa moja na saa tatu ili ulale. Amekuja kutoka Masaka, mpe kazi anayoiweza, na hiyo “shhh” yake ina umri kuliko rekodi ya wifi yako.

Mashine ya laki moja na nusu msiinunue. Haina sauti ambayo simu yako haina, na ina uwezo ule ule wa kuumiza. Fedha hiyo itoeni sehemu mnunue neti nzima kama hiyo imetoboka, iliyobaki muiweke kando kama nauli ya boda ya usiku, pamoja na namba ya boda mnayemjua, kwa siku ambayo mtoto atawaka moto saa tisa na kafunda kameshafungwa.